Pazia, wavu, ubao, kizingiti: tathmini ya mlango wa chumba cha kupanga Mwanza

Mlango wa chumba cha kupanga Mwanza haununuliwi siku moja. Mwenye nyumba anakuachia fremu na ubao, pengine na kitasa kinachokwama. Yaliyobaki unayatafuta mwenyewe: pazia Makoroboi au kwenye mitumba ya Mlango Mmoja, wavu kwa selemala, grili kwa fundi wa kuchomelea, na kizingiti cha saruji mvua ya kwanza ikishaingia hadi chini ya kitanda. Tumevipima vyote kwa swali moja: mtu akibisha hodi, anasimama wapi, anaona nini, na wewe uliye ndani una nafasi gani ya kujiweka sawa kabla hujasema karibu? Kwa kipimo hicho pazia, ambalo ni rahisi kuliko vyote, linaongoza. Grili, inayokula fedha nyingi, ndiyo inayoharibu mlango mara kwa mara.

Pazia la mlangoni lina lugha yake, na aliyekulia nyumba ya korido anaisoma bila kufundishwa. Ubao uko wazi na pazia limeshuka: nipo, bisha hodi. Pazia limetupwa juu ya ubao: pita tu, mwanangu, hapa hakuna siri. Ubao umerudishwa bila komeo: nimejilaza, kama si la haraka njoo jioni. Kitasa peke yake hakiwezi kusema hayo, kwa sababu kinajua kufunga na kufungua, basi.

Msanii wa Korea Kusini, Do Ho Suh, aliyezaliwa Seoul mwaka 1962, amelichukua jambo hili akalifanya ukubwa wa nyumba nzima. Alikuwa mpangaji New York, kwenye jengo la 348 West 22nd Street. Akalipima, korido, ngazi, swichi, vitasa na bawaba, kisha akavishona vyote kwa kitambaa cha poliesta kinachopitisha mwanga, kikasimamishwa kwa mabomba membamba ya chuma cha pua, kwa vipimo vilevile vya jengo. Watazamaji wanapita ndani yake, na aliye upande wa pili wa ukuta anaonekana kama kivuli. Macho yanaupita ukuta huo, lakini hakuna anayeusukuma. Mpangaji wa Mabatini haina haja aelezwe maana yake. Kitambaa hakina nguvu ya kumzuia mtu. Mtu anajizuia mwenyewe kwa kuwa amekubali kwamba hapo ni kwa mwenzake. Ndiyo maana anayelifunua pazia bila hodi anaudhi kuliko anayegonga ubao kwa ngumi.

Tuje kwenye vipimo. Mlango wa futi 3 kwa 7 una uwazi wa karibu sentimita 90 kwa 210. Upana wa kitambaa uwe mara moja na nusu hadi mara mbili ya uwazi, yaani sentimita 135 hadi 180. Ukipunguza, marinda hayapatikani na pembeni unabaki mwanya unaotosha jicho. Bomba likae sentimita 10 juu ya uwazi na lizidi sentimita 10 kila upande. Chini pazia liishie sentimita 3 kutoka sakafuni. Urefu uliomalizika ni sentimita 217. Ongeza 10 za upindo wa chini na 8 za juu, unakata mita 2.35. Kama ni pamba kata mita 2.5, ukiloweke kitambaa usiku kucha na kukianika kabla hakijafika kwa fundi cherehani. Pamba hupungua ikiguswa na maji, na pazia likipungua baada ya kushonwa linaacha miguu nje: mpita njia anajua nani yuko ndani kwa kutazama viatu.

Waya wa springi, ule unaouzwa pamoja na vikulabu viwili, haufai kwa mlango. Unalegea katikati kwa uzito wa kitambaa, pindo la chini linaburuza, na kila anayepita anauvuta zaidi. Nunua bomba. Lishike kwa skrubu za sentimita 4 zilizoingia kwenye plagi za plastiki za milimita 6; msumari uliopigwa moja kwa moja kwenye plasta unaing'oa, na ukarabati wa plasta utadaiwa wewe siku ya kuhama.

Kasoro ya kwanza ya pazia Mwanza ni upepo. Kadiri jua linavyopanda, upepo wa ziwa unaingia nchi kavu, na pazia jepesi linalala hewani kama bendera. Wengi hulipigilia msumari upande mmoja, nalo linachanika ndani ya mwezi. Dawa yake ni uzito: mnyororo mwembamba ndani ya upindo wa chini, au sarafu za zamani zilizoshonewa moja moja kila sentimita 15. Gramu 200 zinatosha kwa kitambaa cha upana wa sentimita 150. Usitie mchanga, maana kila ukifua unamwagika na kutia doa.

Kasoro ya pili ni taa, na hii ndiyo inayowavunjia watu heshima bila wao kujua. Mchana nje kuna mwanga mwingi kuliko ndani, kwa hiyo aliye ndani anamwona aliye nje, na wa nje anaona kitambaa tu. Usiku mambo yanageuka. Balbu ikiwa katikati ya dari na mtu akisimama kati yake na mlango, mwili wake wote unachorwa kwenye pazia, na kadiri anavyosogea karibu na kitambaa ndivyo mchoro unavyokuwa na ncha kali. Kununua kitambaa kizito kunasaidia nusu. Hamisha taa iwe juu ya mlango wenyewe, ukuta ule ule wenye pazia, ikimulika kuelekea ndani. Hapo hakuna mtu atakayekaa kati ya taa na kitambaa, na kivuli kinaangukia ukuta wa nyuma. Kama mwenye nyumba hakubali waya uguswe, shona bitana ya rangi nyeusi au bluu iliyoiva upande wa ndani. Shiya, lile pazia jepesi linaloonyesha, usiliweke peke yake mlangoni. Mahali pake ni dirishani, tena mchana.

Na jiko la mkaa lisikae chini ya mita moja kutoka kwenye pazia, hata likiwa limepoa nusu. Pamba inashika moto, poliesta inayeyuka na kugandia ngozini.

Swali la kulitundika ndani au nje linategemea korido. Nyumba ya Kiswahili yenye vyumba vitatu huku na vitatu kule, uani nyuma na baraza mbele, mara nyingi ina korido ya mita 1.2 hadi 1.5. Wapangaji wakishahamia, ndoo za maji zinapanga mstari upande mmoja, rafu ya viatu na jiko upande wa pili, njia inabaki sentimita 50 au 60. Mmarekani Bruce Nauman alijenga korido ya upana unaokaribia huo, sentimita 50 hivi, mwaka 1969, na kuiita kazi ya sanaa: kuta mbili tu, na anayepita anausikia mwili wake mwenyewe kwa namna ambayo chumba kipana hakimpi. Mwaka 1977 msanii Marina Abramović na mwenzake Ulay walisimama uchi, wakitazamana, kwenye lango la jumba la sanaa mjini Bologna, Italia. Kila aliyeingia alipita katikati yao kiubavu na kulazimika kuchagua amwelekezee uso nani. Polisi walifika wakaizuia. Uchi ule kwetu haukubaliki, ila uchaguzi wenyewe unafanyika kila alfajiri kwenye korido za Igogo na Kirumba, kati ya anayekwenda kuoga na anayetoka. Kwetu umekwisha kupata adabu yake: mdogo anajibana ukutani, anaipa korido mgongo, anasema "shikamoo, pita mama", na mkubwa anapita bila kugeuka. Adabu hiyo inafanya kazi nzuri, lakini haifai kubebeshwa mzigo wa ndoo kumi na mbili. Rafu za viatu zipandishwe ukutani, na sakafuni pabaki sentimita 90 wazi.

Kwenye korido ya namna hiyo pazia lisitundikwe usoni mwa ukuta. Mabega yanalivuta na ndoo zinalilowesha. Bomba liingie ndani ya fremu, kati ya nguzo na nguzo. Fremu ya inchi 6 ina nafasi ya kutosha, na ubao unaofunguka kwa ndani haugusi kitu. Punguza urefu wa kitambaa kwa sentimita 12 na ongeza upana hadi mara mbili ya uwazi, kwa kuwa pembeni hakuna tena cha kuziba mwanya.

Wavu unafuata. Kandokando ya ziwa huu ni wa lazima: mbu wa malaria wanauma usiku, na kuna majira ambapo vijidudu vya ziwani vinanyanyuka juu ya maji kama moshi na kufuata taa hadi ndani ya sufuria. Wavu mzuri una matundu ya karibu milimita 1.2 hadi 1.5, umewambwa kwenye fremu ya mbao za mbili kwa mbili, na unafunguka kwa nje. Chini, sentimita 60 za kwanza ziwe plaiwudi. Wavu ukifika hadi sakafuni, miguu ya watoto na midomo ya kuku inautoboa kona ya chini, na hapo ndipo mbu wanapopita. Mwanya kati ya fremu na sakafu unapuuzwa mno: sentimita moja ni barabara. Kata ukanda wa tyubu ya baiskeli, upigilie chini ya fremu, mwanya umekwisha; ukanda mwingine kutoka kwenye bawaba hadi nguzo unaurudisha mlango wenyewe kila mtu anapopita.

Chagua wavu wa kijivu au mweusi. Mweupe unaakisi jua na kumpofusha aliye ndani. Mchana wavu mweusi unampa aliye ndani kuona baraza yote huku wa nje akiona giza, kazi ambayo shiya hujaribu kuifanya kwa gharama zaidi. Usiku hausitiri chochote, kwa hiyo wavu na pazia vinakaa pamoja: wavu nje, pazia katikati ya fremu, ubao ndani. Mwenye kimoja tu ana nusu ya mlango.

Ubao. Mninga unatulia, hauliwi na mchwa kirahisi, na ukipigwa vanishi unadumu. Paini, ikiwemo ya mashamba ya miti ya Rubya kule Ukerewe na Buhindi, ni nyepesi na rahisi kukata, lakini inakunywa unyevu. Masika ikifika inavimba, mlango unakwama, fundi anaitwa na randa. Anakwangua hadi unafunga vizuri, na kiangazi unabaki mwanya wa nusu sentimita kuanzia juu hadi chini: mwanga, sauti na jicho vyote vinapita. Kosa si la mbao. Ukingo wa juu na wa chini wa ubao haukupakwa vanishi, kwa sababu hauonekani, na huko ndiko maji yanakoingilia kwenye nyuzi. Mwambie fundi aushushe ubao, apake pande zote sita mara mbili, kisha aache milimita 3 pembeni na 6 chini. Bawaba tatu za inchi 4, kwa skrubu. Tundu la funguo lifunikwe kwa kibati kinachozunguka upande wa ndani.

Jambo ambalo mafundi wengi hawaulizi ni ubao ufungukie upande gani. Mazoea ni kuufungua uegemee ukuta wa karibu ili chumba cha mita 3 kwa 3 kipumue. Matokeo yake, ubao ukifunguliwa robo tu, anayebisha hodi anakiona kitanda. Bawaba zikihamishiwa nguzo ya pili, ubao unafunguka kuelekea katikati ya chumba na kukisitiri kitanda hadi ufunguliwe wote. Unapoteza robo duara ya sakafu yenye nusu kipenyo cha sentimita 90, na unapata zile sekunde tano za kuvuta shuka. Sisi tunaona biashara hiyo ina faida.

Wenye vyumba vyenye choo ndani wana shida nyingine: mlango wa choo na wa chumba vinagongana pembeni. Msanii Marcel Duchamp, nyumbani kwake Paris, namba 11 rue Larrey, mwaka 1927 alimfanya selemala atengeneze ubao mmoja kwa fremu mbili zilizokutana kwenye kona, ukifunga huku unafungua kule. Selemala wa Mwanza anaiweza, mradi fremu mbili ziwe sawa kwa milimita. Lakini hupati faragha pande zote mbili kwa wakati mmoja, na kwa nyumba yenye wageni hilo linatosha kuikataa. Pazia la pili mlangoni mwa choo ni rahisi zaidi.

Kizingiti ndicho kinachosahauliwa hadi maji yafike. Mji wetu umejengwa juu ya miamba. Mvua ikinyesha Isamilo, maji hayana udongo wa kuyanywa, yanateremka kwa kasi na kuingia mlango wa kwanza yanaoukuta. Karibu na mto Mirongo yanatoka chini badala ya juu. Kizingiti cha sentimita 7 kinatosha kwa mlango ulio ndani ya baraza iliyoezekwa, 10 kwa unaotazama mteremko. Cha upana wa sentimita 90, unene wa 15 na kimo cha 7 kinakula kilo 4 na nusu za saruji na ndoo ya lita 10 ya mchanga msafi, karibu moja kwa tatu. Chimbua kwanza sakafu kwa tindo hadi iwe na makovu, ilowe, paka uji wa saruji, ndipo umimine. Juu kiwe na mteremko wa nje wa nusu sentimita. Kifunike kwa gunia lililoloa siku 7. Vizingiti vinavyobanduka vizima kama biskuti vilimiminwa juu ya sakafu laini iliyokauka, na vinavyopasuka katikati viliachwa juani.

Miguu ya fremu isizikwe ndani ya saruji hiyo. Ncha ya mbao inavuta maji kama utambi, na baada ya masika mbili inaoza kutoka ndani huku rangi ikiwa bado inang'aa. Paka lami sentimita 15 za chini kabla.

Kwa mzee, mgonjwa au mwenye kiti cha magurudumu, sentimita 10 ni ukuta. Weka mteremko wa saruji wa sentimita 120 mbele yake, moja kwa kumi na mbili. Pasipo na nafasi, shusha kizingiti hadi 2 na uyageuze maji kwa mfereji kabla hayajafika. Nyumba ya msonge ya Kisukuma ilimwinamisha mgeni kwa ufupi wa mlango, na kuinama kulikuwa salamu. Kumkwaza mtu mguu si salamu.

Kizingiti kina kazi ya pili. Kinachora mstari. Adabu ya hodi mara tatu, ukikosa jibu urudi zako, inamtaka mgeni awe na pa kusimama nje ya mstari huo, akiwa mkavu, asiye njiani mwa wapita njia, na asiyelazimika kutazama ndani. Mtu mzima anahitaji sentimita 60 kutoka mgongoni hadi mbele, na akiwa na kapu mkononi ni 80. Hapo ndipo grili inapoharibu mambo.

Grili ya nondo za milimita 12 ni imara, na hatusemi isiwekwe, wezi wapo. Lakini huchomelewa nje ya ukuta, bawa moja la sentimita 90, ikafunguka kwa nje. Kwenye nyumba za mteremkoni ngazi ya mlangoni huwa na kina cha sentimita 60 hadi 80. Mwenyeji anasema karibu, anasukuma grili, na mgeni anashuka kinyumenyume kwenye jiwe ili apishe karibu yake mwenyewe. Kwa bawa la 90 unahitaji kibaraza cha mita 1.5, hata mgeni akiwa hana kapu. Ukiigawa grili mabawa mawili ya sentimita 45, mita 1.05 inatosha, na bawaba zinabeba nusu ya uzito kwa hiyo hazilegei. Funguo ya kufuli itundikwe ndani, mahali ambapo mkono wa nje haufiki na wa ndani unafika gizani, kwa ajili ya moto.

Kabla fundi hajachomelea bawaba, funga chaki kwenye kamba ya sentimita 90 na uchore duara ya grili juu ya ngazi. Mwite mtu mzima, mpe kapu, mwambie asimame nje ya mchoro na abishe hodi. Visigino vyake vikiwa hewani, rudi kwa fundi ukamwambie mabawa mawili.